Kamba ya Nyumba Namba Kumi na Nne

Kwa miaka minane kulikuwa na kamba katika nyumba namba kumi na nne. Ilianzia kwenye nguzo ya lango, ikapita juu ya ukuta wa mbele, ikaingia kwa tundu dogo lililotobolewa pembeni mwa dirisha, ikakata sebule nzima chini ya dari, ikapinda kona kuelekea chumba cha nyuma, na huko ikaishia kwenye kitambaa chekundu kilichoning'inia juu ya cherehani. Kila ilipopinda, ilipita juu ya kigurudumu cha mbao, kile kinachobaki uzi wa kushonea unapokwisha. Mtu akiivuta pale langoni, kitambaa kiliruka mbele ya macho ya mshonaji, naye akajua kwamba kuna mgeni. Kwa masikio asingejua. Alizaliwa kiziwi.

Aliyeifunga kamba hiyo alikuwa mume wake, fundi wa kutengeneza vyerehani, mtoto wa pekee wa Mwalimu.

Mwalimu alikuwa amestaafu ualimu mkuu miaka kumi na moja iliyopita, lakini cheo hakikustaafu naye. Muuza mkaa alimwita Mwalimu, daktari alimwita Mwalimu, na hata marehemu mumewe, enzi za uhai wake, alimwita Mwalimu siku walizokosana. Baba yake alikuwa karani wa mahakama, mtu wa shati jeupe na maneno machache, na kutoka kwake alirithi mambo mawili: mwandiko mzuri, na imani kwamba watu wa kwao hawaombi msaada wala hawaonewi huruma.

Mwanawe alipokwenda kukarabati vyerehani kumi na viwili kwenye shule ya viziwi, kazi ya siku tatu ilimchukua wiki tano. Alirudi nyumbani na mikono inayosema. Alipomleta binti aliyempata huko, Mwalimu alikubali shingo upande, akapika, akaalika watu, akasimamia kila kitu kama inavyopasa. Hakuwahi kumtendea mkwe wake ubaya, na jambo hilo alitaka likumbukwe. Ila lugha ya mikono hakujifunza. Alisema mikono yake imezoea chaki na haitaki kazi nyingine. Basi wakawa wanazungumza kwa chaki ya fundi juu ya kipande cha kitambaa cheusi, wanaandika na kufuta kwa kiganja. Mkwe akiandika kwamba chumvi imekwisha, Mwalimu alitia nukta kwanza, ndipo akaenda kununua chumvi.

Fundi alikuwa na namna yake ya kuivuta kamba akirudi kazini: mbili fupi, moja ndefu. Wateja walivuta ovyo, kama watu wanaoteka maji. Yeye alivuta kama anayesema neno. Mwalimu, akiwa sebuleni na gazeti lake, aliiona kamba ikicheza juu ya kichwa chake, mbili fupi, moja ndefu, akajua mwanawe amefika kabla hajasikia komeo la lango. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba alikuwa akiisubiri. Saa kumi na moja jioni alijikuta tu yuko kwenye kiti kile, miwani puani, ukurasa uleule mkononi.

Kisha ikaja homa iliyomlaza fundi siku tisa, na siku ya kumi hakuamka.

Mwezi wa tatu baada ya mazishi Mwalimu aliita mtu wa kupaka rangi, na kabla ukuta haujaguswa aliamuru kamba itolewe. Alisema wageni wanauliza kama siku hizi wanaanika nguo ndani. Ni kweli walikuwa wakiuliza, lakini hawakuwa wao sababu. Kila jioni ikifika saa kumi na moja macho yake yalipanda darini yenyewe, na kamba ilikuwa imetulia, na utulivu ule ulimmaliza. Akaizungusha mkononi, akaiweka pamoja na vigurudumu vyake ndani ya kopo la biskuti lenye bisibisi za marehemu, akalisukuma chini ya kitanda.

Mkwe aligeuza cherehani yake ili itazame mlango wa chumba. Hata hivyo, mtu anayeshona hutazama sindano. Wateja wakawa wanaingia na kumgusa bega, anashtuka, na siku moja sindano ilipita katikati ya kidole chake. Baadhi yao wakahamia kwa mafundi wengine.

Mto ulipita nyuma ya mtaa huo, umbali wa mwendo wa dakika kumi. Mvua za mwaka uliotangulia zilikuwa zimeujaza mpaka ukaingia karakana ya seremala na kuondoka na mbao zake zote. Kwa hiyo ikaundwa kamati ya maafa, na kamati ikaleta mkufunzi, msichana mrefu aliyevaa mabuti ya mpira hata siku za jua. Alipita nyumba kwa nyumba na fomu yake. Kwa Mwalimu aliamkia kwa adabu, akakaribishwa kiti, akauliza idadi ya wakazi. Wawili. Akauliza kama kuna mtu mwenye ulemavu, au mgonjwa wa kitandani, au yeyote ambaye atahitaji kufuatwa maji yakija.

"Hapa kwetu hakuna mtu wa namna hiyo," alisema Mwalimu.

Kutoka chumba cha nyuma cherehani ilikuwa ikiunguruma. Mkufunzi aliinua kichwa, kisha akaandika alichoambiwa.

Mwalimu hakujiona kama anasema uongo. Akilini aliliona jina la mwanawe, ambalo mkwe alilitumia, limebandikwa ukutani mwa ofisi ya mtaa mbele ya wauza nyanya, na kando yake neno kiziwi, na watu wakitikisa vichwa kwa huruma. Jina lile ndilo pekee alilobaki nalo. Alikuwa akilifuta vumbi kila siku kama picha.

Siku ya zoezi ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Filimbi ingelia mara tatu, ndefu, kutoka kwenye gari la kamati, na kila mtu angeacha alichokuwa akifanya na kupanda kwenye uwanja wa ghala la zamani. Mwalimu alijua tarehe na saa. Mkwe hakujua, kwa sababu matangazo yote yalipitishwa kwa kipaza sauti, na mwenye chaki hakuyaandika. Alijiambia binti ana oda ya sare za shule, asisumbuliwe kwa jambo la mchezo. Filimbi ilipolia alivaa viatu vyake vizuri, akafunga lango, akatoka miongoni mwa wa kwanza.

Kwenda kwenye uwanja wa ghala kulikuwa na ngazi thelathini na mbili. Fundi viatu wa pale kona, ambaye Mwalimu alimfundisha darasa la nne, alifika mpaka ngazi ya chini kwa baiskeli yake ya miguu mitatu, ile inayoendeshwa kwa mikono, akasimama. Miguu yake ilikuwa imelala tangu utotoni.

"Mkufunzi," aliita, "huko juu mmeniandalia mabawa, au nisubiri maji yenyewe yanipandishe?"

Watu walicheka. Mkufunzi hakucheka. Alishuka ngazi zote, akasimama naye, akaandika kitu kwenye daftari lake, na ni kutoka pale chini alipoanza kuita namba za nyumba.

"Kumi na nne. Watu wawili."

"Mmoja yuko safarini," Mwalimu alijibu. Maneno yalimtoka kwa urahisi, kama kikohozi.

Aliporudi nyumbani alimkuta mkwe wake ameinama juu ya kola nyeupe. Kando yake kulikuwa na kola nyingine, zimepangwa kama visahani. Binti aliinua uso, akamwona mama mkwe mlangoni, akatabasamu, akamwonyesha mshono ulivyonyooka. Hakuwa na habari kwamba mtaa mzima umehama na kurudi.

Mwalimu alisimama pale. Mkufunzi alikuwa amesema kwamba maji yakija kama mwaka jana yatamfika mtu mzima kiunoni. Akatazama kiti, akatazama kanyagio la cherehani, akapiga hesabu ambayo hakutaka kuimaliza. Maji yangekuwa yameshamfika huyu magotini, na bado angekuwa anashona.

Siku tatu baadaye mkwe alipeleka sare shuleni. Njiani alipita ofisi ya mtaa, ambako karatasi za zoezi zilikuwa zimebandikwa ukutani. Alirudi nyumbani, hakuvua hata ndala zake. Alikitandaza kitambaa cheusi mezani, juu ya gazeti la Mwalimu, akaandika kwa herufi kubwa.

"Nimesafiri kwenda wapi, Mama?"

Mwalimu aliusoma mstari ule mara mbili. Kwa mara ya kwanza hakuona pa kutia nukta. Alichukua chaki, akaandika samahani, akaliona neno jepesi kuliko chaki yenyewe, akalifuta. Mkwe alichukua chaki akaandika mara ya pili: "Kamba iko wapi?" Hapo Mwalimu alisimama kama mtu aliyekumbuka chungu jikoni, na jikoni hakukuwa na chungu.

Kesho yake alibeba viatu visivyo na kasoro yoyote mpaka kwa fundi viatu. Yule fundi aliviangalia juu, akavigeuza chini.

"Hivi vizima, Mwalimu."

"Vipige rangi."

Alivipiga rangi bila haraka. Mwalimu alizunguka mbuyu kwa maneno mengi: mvua, bei ya ngozi, vijana wa kamati. Mwishowe aliuliza kama ni kweli mkufunzi ataitisha mkutano mwingine. Fundi viatu alisema ni kweli, kesho Alhamisi, na hautakuwa juu ya ngazi, utakuwa kwenye karakana ya seremala ambako sakafu ni tambarare. Umeitishwa kwa wale ambao orodha haikuwajua. Yeye mwenyewe alialikwa, na mkwe wa Mwalimu naye alialikwa.

"Nani amemwalika?"

"Mimi. Alipita hapa jana, tukaongea." Akainua mikono yake miwili yenye rangi ya viatu, akaichezesha hewani, taratibu, kwa namna ambayo Mwalimu aliitambua mara moja. "Si hodari sana. Marehemu alinifundisha, alikuwa akikaa hapo ulipokaa, tukisubiri wateja. Alisema anataka mkewe awe na mtu wa kupiga naye soga akipita kona hii."

Mwalimu alikitazama kigoda alichokalia.

"Watu wataongea," alisema.

"Wataongea nini, Mwalimu? Mtaa mzima unajua binti hasikii. Ni wewe tu hujui kwamba tunajua." Akamkabidhi viatu vyake. "Ulinichapa sana kwa ajili ya hesabu. Sasa na mimi nikuulize moja. Nyumba ina watu wawili, mmoja yuko safarini, na cherehani inaunguruma. Anashona nani?"

Angekuwa mtu mwingine, Mwalimu angemkata jicho na kuondoka. Alikaa kwenye kigoda kile kwa muda, viatu mapajani, akijaribu kuona mtaa kama mwanawe alivyokuwa akiuona kutoka hapo.

Alhamisi walifika pamoja, yeye na mkwe wake, na Mwalimu alikuwa amebeba kitambaa cheusi na vipande viwili vya chaki. Kulikuwa na watu kumi na mmoja. Mkufunzi aliomba radhi kwanza: mkalimani wa lugha ya alama amepatikana lakini ataanza wiki ijayo. Kisha akasema, na mabuti yake yamejaa vumbi la mbao, kwamba zoezi lile alilipangia watu wenye miguu na masikio tu, na kwamba leo hakuja kufundisha, amekuja kufundishwa.

Kwa saa mbili Mwalimu aliandika. Kila kilichosemwa alikiweka juu ya kitambaa, akafuta, akaandika tena, na mkono wake mzima ukawa mweupe kama enzi za darasani. Mzee asiyeona alitaka kuonyeshwa njia kwa miguu yake, si kuelezwa. Mama mwenye watoto pacha alitaka kujua atambeba yupi. Chaki ya kwanza iliisha. Mkwe alisoma kila mstari kwa jicho la mtu aliyekaa na kiu siku nyingi. Tangu kifo cha mumewe, hakuna aliyekuwa amemweleza kikao kizima.

Zamu yake ilipofika alisimama, akasema kwa mikono. Fundi viatu alitafsiri kwa kusuasua.

"Anasema filimbi si kitu kwake. Anasema kwao kulikuwa na kamba, kutoka langoni mpaka kwenye cherehani. Mtu yeyote aliweza kumwita, hata mtoto." Akamtazama Mwalimu.

"Ni wazo zuri sana," alisema mkufunzi. "Ikawaje?"

Mwalimu alijua kwamba angeweza kusema ilikatika, na hakuna ambaye angembishia.

"Niliitoa mimi," alisema. "Nilichoka kuitazama. Na kwenye fomu yako, binti, nilikuandikisha uongo, na pale kwenye ngazi nikaurudia. Nyumba yangu ina watu wawili. Mmoja ni kiziwi, naye ni mke wa mwanangu."

Mkwe alimgusa mkono, akionyesha kitambaa. Alikuwa ameona midomo ikitembea na nyuso zikigeuka, akataka sehemu yake. Mwalimu alichukua chaki iliyobaki, akayaandika yote, neno kwa neno, bila kupunguza. Alipomaliza, binti alisoma. Hakutabasamu wala hakununa. Alikiweka kiganja chake juu ya mkono ule mweupe wa chaki, akakiacha hapo mpaka mkutano ulipokwisha.

Jioni ile kopo la biskuti lilitoka chini ya kitanda. Seremala alikuja na ngazi yake, lakini ni mkwe aliyepanda, kwa kuwa ndiye aliyekumbuka kila msumari ulipokuwa. Mwalimu alisimama chini akimpa vigurudumu kimoja kimoja. Kwenye kigurudumu cha mwisho, cha kona ya sebule, alikuta kwa upande wa ndani alama ya penseli, mshale mdogo unaoonyesha upande upi uwe juu, uliochorwa na mwanawe. Alikishika kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Juu ya ngazi, mkono wa mkwe ulikuwa umenyooshwa, ukisubiri, na haukumharakisha.

Zoezi la pili lilifanyika baada ya wiki tatu. Mahali pa kukutania palihamishiwa kwenye uwanja wa shule, ambako barabara hupanda polepole na baiskeli ya miguu mitatu hupita. Gari la kamati lilikuwa na filimbi na bendera nyekundu pia. Mzee asiyeona alikuwa ameshaitembea njia mara nne na jirani yake, mpaka akaanza kumkosoa jirani. Kwa nyumba namba kumi na nne ilikubaliwa hivi: filimbi ikilia mara tatu, aliye karibu na lango aivute kamba mara tatu, zote ndefu. Mwalimu aliomba mara hii aivute yeye.

Filimbi ililia. Alikuwa langoni tayari, amevaa viatu vyake vizuri. Akaishika kamba, na mkono ukaenda wenyewe. Miaka minane macho yake yalikuwa yameisoma kamba ile kila jioni, na mkono ulikuwa umejifunza bila kuambiwa. Mbili fupi, moja ndefu.

Mlango ulifunguka kabla hajatanabahi. Mkwe alitoka mbio, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, na uso wake haukuwa uso wa mtu anayekimbia mafuriko. Ulikuwa uso wa mke ambaye mumewe amefika. Mwalimu hakuwahi kuuona uso ule. Miaka yote ile alikuwa sebuleni, mgongo kwa mlango, akidhani kwamba furaha ya saa kumi na moja ilikuwa yake peke yake.

Ilikuwa ni kufumba na kufumbua tu. Binti aliona ni nani aliyeshika kamba, akasimama katikati ya ua. Wakatazamana. Kisha mkwe akashusha pumzi, akaja, akamshika mama mkwe mkono, na wakapanda barabara ya shule pamoja na wengine, fundi viatu akiwa mbele yao akipiga kengele ya baiskeli yake kama bwana harusi.

"Kumi na nne," aliita mkufunzi.

Mkwe, aliyekuwa akimtazama mkalimani, aliinua vidole viwili.

Waliporudi nyumbani kitambaa cheusi kilikuwa mezani. Mkwe alichukua chaki, akaandika.

"Ile ni yake. Wewe tafuta yako."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Alikunja gazeti, akatoka mpaka langoni, akalifunga lango nyuma yake na kusimama barabarani kama mgeni. Aliishika kamba. Alifikiria tatu ndefu, lakini hizo ni za maji. Alifikiria mbili fupi, akaziacha mahali pake. Mpita njia mmoja alimwamkia, akajibu bila kugeuka.

Halafu akaivuta mara moja, taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake mwenyewe. Akasubiri.